Dhulma isiyo na malipo si mchezo wa mtoto

MIONGONI mwa mambo yanayokula muda wa vijana wetu, na ambayo wazazi wengi hawajayatazama kwa makini, ni michezo ya video. Zamani ilikuwa anasa ya wenye uwezo. Leo imo katika simu, imo katika kompyuta za majumbani, na imo katika vibanda vya mitaani ambako mtoto hutoa sarafu yake, akakabidhiwa kidude cha kuchezea, na hakuna anayemuuliza umri wake.

Hatusemi kuwa kila mchezo ni mbaya. Iko ya mpira, iko ya mashindano ya magari, na iko inayochangamsha akili. Tunayoizungumzia hapa ni ile ambayo mchezaji huvaa nafsi ya jambazi: huiba, huteka, huua, kisha husonga mbele. Swali linaloulizwa duniani ni hili: je, michezo ya namna hiyo haipaswi kuonyesha matokeo halisi ya uhalifu? Sisi tunaona inapaswa. Lakini ni vema tukaelewana kwanza kuhusu maana ya matokeo.

Tuchukue mfano wa mchezo mashuhuri kuliko yote ya aina hii, Grand Theft Auto, ulioanzia Dundee, Scotland, mwaka 1997. Toleo lake la San Andreas lilitoka mwaka 2004. Toleo la tano lilitoka Septemba 2013 na kuingiza zaidi ya dola bilioni moja za Marekani katika siku tatu za mwanzo. Hadi mwaka 2024 nakala zake zilizouzwa zilikuwa zimepita milioni 200. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo dogo la vijana wachache.

Watetezi wa mchezo huu husema kuwa matokeo yamo. Ni kweli kuwa polisi wamo. Mchezaji akitenda uhalifu hutokewa na nyota kwenye kioo, na nyota zikizidi msako huwa mkali zaidi. Lakini tuangalie mwisho wake. Katika San Andreas, mhalifu akikamatwa hunyang'anywa silaha na fedha kidogo, kisha hujikuta amesimama nje ya kituo cha polisi, huru. Akiuawa, hutoka hospitali akiwa mzima. Akiwahi kuingiza gari lake kwenye gereji likapakwa rangi mpya kwa malipo madogo, msako husahaulika. Na yule aliyegongwa barabarani? Mwili wake hutoweka baada ya muda mfupi. Hana jina, hana mama, hana kaburi.

Hayo si matokeo. Hiyo ni nauli. Mchezaji hulipa, hupanda, huendelea na safari. Mtoto anayecheza hivyo kwa miezi hafundishwi kuwa uhalifu hauna gharama. Anafundishwa jambo baya zaidi, kwamba gharama yake ni ndogo na inalipika.

Uadilifu unatutaka tuseme kweli hata pale isipotupendeza. Wapo wanaodai kuwa michezo hii huwageuza watoto kuwa majambazi na wauaji. Ushahidi haujafika huko. Mwaka 2020 Jumuiya ya Wanasaikolojia ya Marekani ilieleza kuwa upo uhusiano mdogo baina ya michezo ya ukatili na tabia za ugomvi kama kupiga kelele na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kuihusisha na uhalifu wa kumwaga damu. Mzazi asimtazame mwanawe kama muuaji kwa sababu tu amemkuta anacheza.

Hata hivyo, hoja yetu haisimami juu ya madai hayo. Mwaka 1965 mtaalamu Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaonyesha watoto wadogo filamu ya mtu mzima akilipiga na kulitukana sanamu kubwa. Kundi moja liliona mtu huyo akizawadiwa, kundi la pili liliona akiadhibiwa, na la tatu halikuona lolote likimpata. Watoto walioona adhabu ndio walioiga kidogo zaidi. Lakini watoto wote walipoahidiwa zawadi iwapo wangeonyesha walichokiona, tofauti ile ikatoweka. Wote walikuwa wamejifunza.

Hapo tunapata mafunzo mawili. La kwanza, kuona malipo ya uovu huuzuia mkono, na kwa hiyo wanaotaka michezo ionyeshe matokeo hawasemi upuuzi. La pili, adhabu peke yake haifuti kilichoingia moyoni. Hukifunika tu hadi siku itakapopatikana fursa na tamaa. Mtu anayeacha wizi kwa kuogopa pingu ataiba siku pingu zitakapokuwa mbali.

Ndiyo maana tunasema kuwa matokeo makubwa ya uhalifu si jela, bali ni yule aliyedhulumiwa. Kila aliyekaa katika darsa za msikiti anajua kuwa dhulma baina ya watu haifutiki kwa mtu kujutia peke yake chumbani. Haki ya mwenyewe lazima irudi, au aombwe radhi akasamehe. Mchezo ulioweka polisi elfu lakini ukamwondoa mjane na yatima bado haujaonyesha matokeo.

Na asije mtu akasema kuwa jambo hili haliwezekani. Mwaka 2013 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa rai kwamba michezo inayoigiza vita halisi iingize sheria za vita: mchezaji anayeziheshimu azawadiwe, na anayefanya jinai za kivita akutane na adhabu ndani ya mchezo. Haikutaka michezo ipigwe marufuku. Mwaka 2017 kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Czech, kwa ushirikiano na kamati hiyo, ilitoa nyongeza ya mchezo wake wa Arma 3 ambamo mchezaji huwa mtegua mabomu wa shirika la misaada, akitembea katika kijiji ambacho vita vimekwishapita.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Mwaka 2014 kampuni ya 11 bit studios ya Poland ilitoa mchezo uitwao This War of Mine, uliochota mengi kutoka kuzingirwa kwa Sarajevo, mji wa Bosnia ulioteseka kuanzia mwaka 1992 hadi 1996. Mchezaji si askari. Ni raia wenye njaa ndani ya nyumba iliyobomoka. Wakiamua kuwapora wazee wawili wasio na ulinzi, chakula hupatikana, lakini aliyepora hurudi akiwa na huzuni, na huzuni hiyo huweza kumvunja kabisa. Watu wakaununua na kuucheza kwa wingi. Imethibitika, basi, kuwa mchezo unaweza kuwa na dhamiri na bado ukapata wateja.

Tunasisitiza haya kwa sababu matokeo ya kweli tunayaona katika mitaa yetu. Kijana anayeitiwa mwizi sokoni hapewi nyota za kuhesabu. Hukutana na mawe, tairi na mafuta ya taa, mara nyingine kabla haijajulikana kama kweli ameiba. Mwaka 2022 kundi la vijana lililojulikana kama Panya Road lilivamia nyumba za watu jijini Dar es Salaam, likapora na kujeruhi, na roho zikapotea. Wapo watuhumiwa waliouawa na polisi. Pande zote mbili walibaki wazazi. Hatusemi kuwa vijana wale walifundishwa na mchezo wa video. Hatuna haki ya kusema hivyo. Tunasema kuwa hakuna hata mmoja wao aliyeamka siku ya pili nje ya kituo, mzima, tayari kuanza upya.

Ni kwa mantiki hiyo tunatoa wito ufuatao. Wazazi, someni alama ya umri iliyo juu ya kasha. Matoleo haya ya Grand Theft Auto yamewekewa alama ya miaka 18 huko Ulaya na 17 huko Marekani, na waliowaweka mpaka huo si masheikh. Kisha keti na mwanao angalau mara moja, utazame anachocheza, umuulize: huyu uliyemgonga alikuwa anakwenda wapi? Nani anamsubiri nyumbani? Swali hilo moja linaweza kufanya kazi ambayo mtengenezaji wa mchezo hakuifanya.

Wenye vibanda, mnawajua watoto wa mtaa wenu. Msiuze kwa mtoto wa jirani kile msichotaka mtoto wenu akione. Walimu wa madrasa na maimamu, msiishie kutamka kuwa ni haramu kisha mkanyamaza. Kijana akikatazwa bila kuelezwa hutafuta kibanda cha mtaa wa pili. Na serikali zetu, ambazo zina bodi za kukagua filamu, zisisahau kuwa mtoto aliyezuiwa kuingia sinema ameshika sinema nyingine mkononi.

Watengenezaji wako mbali na huenda sauti yetu isiwafikie. Lakini sebule zetu ziko karibu, na humo sisi ndio wenye kauli.

Wabillahi tawfiq.