Baba kapangiwa Mpwapwa, je, familia ibaki?

 

Ndugu zangu katika imani, leo tuzungumze juu ya jambo ambalo sisi wakazi wa Mpwapwa haupiti mwaka bila kulishuhudia. Mtu anapata kazi mpya, au anahamishwa kikazi, na kituo chake kinakuwa hapa kwetu. Huenda ni mwalimu kutoka Tanga, mtaalamu wa mifugo anayekuja katika kituo cha utafiti, mkufunzi wa chuo cha ualimu au muuguzi. Anateremka na begi moja na godoro lililokunjwa. Ukimwuliza familia iko wapi, atakujibu kwamba mama watoto amebaki kwanza, mambo yakikaa sawa atamfuata. Neno hilo "kwanza" nimelisikia kwa watu waliotimiza miaka mitano hapa.

Mmoja wao, mwalimu ambaye jina lake nalihifadhi, alinisimulia habari zake tulipotoka katika sala ya Ijumaa. Mkewe na watoto watatu wako Tanga, naye huenda kuwaona shule zinapofungwa. Akasema kwamba siku hizi akifika nyumbani, mwanawe mdogo haulizi ameletewa nini. Swali lake la kwanza ni, "Baba, unaondoka lini?" Alilisema hilo huku akitazama chini, nami sikuwa na la kumjibu.

Jambo hili si la walimu tu. Mwezi Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia mwezi Septemba mwaka huohuo, watumishi wengi walitangulia peke yao na kuziacha familia Dar es Salaam. Wengine waliwafuatisha wake na watoto. Wengine hadi leo wanaishi kwa kwenda na kurudi mwisho wa juma. Tangu treni ya reli mpya ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari hiyo haifiki saa nne, na hiyo ni neema ya kushukuru. Hata hivyo naona ina mtihani ndani yake. Safari ilipokuwa ngumu, mtu alilazimika kuamua. Sasa ni nyepesi, na uamuzi unaahirishwa mwaka baada ya mwaka.

Wapo wanaojitetea kwa kisa cha Nabii Ibrahim (A.S.), kwamba naye alimwacha Bibi Hajar na mtoto Ismail katika bonde lisilo na mmea. Tukisome kisa hicho vizuri. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Abbas (R.A.), iliyomo katika Sahihi Bukhari, Bibi Hajar alimfuata mumewe akimwuliza mara kwa mara anawaachia nani, naye hakumjibu, mpaka alipomwuliza kama ni Mwenyezi Mungu aliyemwamrisha. Aliposema ndiyo, ndipo bibi yule alipotulia. Nani kati yetu ana wahyi mfukoni? Tulichonacho ni barua ya mwajiri, na barua hiyo haikusema uiache familia.

Tena tazama dua ya Nabii Ibrahim katika aya ya 37 ya Suratu Ibrahim. Alianza kwa kutaja kusimamisha sala, kisha akaomba nyoyo za watu zielekee kwa kizazi chake, na mwisho akaomba matunda. Sala, kisha watu, kisha chakula. Sisi tukipata kazi mpya hesabu yetu huanzia nyuma: mshahara kwanza, majirani baadaye, na habari ya msikiti na madrasa tunaikumbuka watoto wakisha kuota meno ya ukaidi.

Tuchukue mpangilio ule tuuweke Mpwapwa. Waislamu hapa si wengi kama walivyo ndugu zetu wa Kondoa, lakini adhana inasikika, na hilo si jambo la jana. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika hapa kupata maji na chakula, na Uislamu ulipita na njia hiyo. Anayekuja na watoto aulize mapema: madrasa iko umbali gani na nyumba ninayotaka kupanga, nani anafundisha, na binti yangu atakwenda na nani jioni? Nyumba yenye chumba kimoja pungufu karibu na msikiti naiona bora kuliko nyumba pana iliyo mbali. Yaliyobaki huzoeleka. Mtu wa pwani atakosa samaki wabichi, atakutana na mlenda na ugali wa uwele, atahangaika na ukame na vumbi la miezi mirefu isiyo na mvua. Watoto huzoea haya kabla ya wazazi wao.

Kuhusu gharama, wanaosema kwamba kuhamisha familia ni ghali wakae na kalamu. Kodi mbili, vyungu viwili jikoni, nauli za kwenda na kurudi, na fedha za simu kila usiku. Taratibu za utumishi wa umma zinamtambua mwenza na watoto wa mtumishi anayehamishwa, na ipo posho ya usumbufu. Kwamba malipo hayo huchelewa ni kweli, na madai ya walimu juu ya uhamisho yamekuwa kilio cha miaka mingi. Kwa hiyo anayeshindwa kuwaleta mwezi wa kwanza ana udhuru. Ila udhuru wa mwezi wa kwanza usigeuzwe kuwa udhuru wa mwaka wa tano.

Sharia haikulichukulia jambo hili kwa wepesi. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), aliposikia usiku mwanamke akilalamikia upweke kwa kuwa mumewe yuko vitani, alikwenda kumwuliza binti yake Bibi Hafsa muda ambao mwanamke anaweza kuvumilia. Akaweka mpaka ambao askari hatazuiwa zaidi ya hapo mbali na mkewe. Zipo riwaya za miezi minne na zipo za miezi sita. Hao walikuwa mujahidina, wala hawakuachwa wakae watakavyo. Na Mtume (S.A.W.), vijana waliokuja na Malik bin Huwayrith walipokaa kwake masiku 20, alitambua kwamba wamewatamani jamaa zao, akawaamuru warudi wakaishi nao na kuwafundisha.

Tukumbuke pia yaliyompata Bibi Ummu Salama wakati wa hijra. Jamaa zake walimzuia Makka, mumewe akaenda Madina, na watu wa upande wa mume wakamnyang'anya mtoto katika mvutano ulioteguza mkono wa mtoto yule. Karibu mwaka mzima alitoka kila asubuhi akakaa Abtah akilia hadi jioni, mpaka walipomhurumia na kumrudishia mwanawe. Akapanda ngamia peke yake na mtoto, akaelekea Madina. Familia ile ilitenganishwa kwa nguvu. Sisi tunajitenganisha wenyewe, tena kwa hiari.

Pamoja na hayo, sisemi kwamba kila mke afungashe kesho. Yupo mwenye mama mzee asiyeweza kuhama wala kuachwa, na haki ya mama inajulikana. Yupo mwenye mtoto aliye katika mwaka wa mtihani. Na yupo mke ambaye naye ni mtumishi. Hapa wanaume wengi hukosea, kwa kuwa huja nyumbani na uamuzi uliokwisha kukatwa, kisha wakauita mashauriano. Katika aya ya 233 ya Suratul-Baqara, Mwenyezi Mungu ameitaja shura ya mume na mke katika kumwachisha mtoto kunyonya. Ikiwa ziwa la mtoto linahitaji watu wawili kushauriana na kuridhiana, itakuwaje kuihamisha nyumba nzima?

Lipo na suala la sharti la ndoa. Mwanamke akiolewa kwa sharti la kutohamishwa mjini kwao, Sayyidna Umar alihukumu kwamba sharti litimizwe, na ndiyo kauli ya Imam Ahmad. Imam Shafii, ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake, hakuliona sharti hilo kuwa la kulazimisha. Kwa kuwa wanazuoni wamekhitilafiana, ni vyema mawalii na wachumba waliseme jambo hili wazi kabla ya akdi, hasa mmoja wao akiwa mtumishi anayeweza kupangiwa popote. Na mume asione haya kumfuata mkewe, pale kazi ya mke inapokuwa ya uhakika zaidi na yake inahamishika.

Baada ya mashauriano ndipo ije istikhara, rakaa mbili na dua ambayo Jabir bin Abdillah (R.A.) amesema Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwafundisha kama anavyofundisha sura ya Qur'ani. Wengi husubiri ndoto. Hadithi hiyo haikutaja ndoto. Mtu huswali, akaomba, kisha akashika njia aliyoielekea.

Yule mwalimu wetu amekwishafika hapo. Mkewe naye ni mwalimu, na wamekubaliana aombe uhamisho wa kumfuata mwenza. Mume amepanga vyumba viwili, hatua chache kutoka msikitini, na ameanza kuulizia nafasi za watoto shuleni. Hadi ninapoandika haya, majibu ya barua hayajatoka.