Mashahidi wa Namna Mbili

Neno shahidi katika Kiswahili lina maana mbili: yule aliyeona jambo akalisema mbele ya hakimu, na yule aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Walimu wa Kiafrika wa misheni ya C.M.S. katika Ugogo na Ukaguru walilazimishwa kuwa mashahidi wa namna ya kwanza, tena wa uongo. Wale wa namna ya pili waliotoka miongoni mwao wangali wakinyimwa jina hilo.

Vita vilipozuka mwaka 1914, Mpwapwa ilikuwa chini ya Wajerumani, lakini misheni yake, iliyokuwapo tangu miaka ya 1870, ilikuwa ya Waingereza. Wamisionari walishitakiwa kwamba walimpelekea adui habari kwa kumulika vioo. Wakafungwa, wakapelekwa Tabora. Walimu nao walikamatwa, wakatiwa minyororo, wakapigwa viboko ili wawashuhudie kwa ubaya waliowabatiza. Wapo waliokufa kifungoni kabla Wabelgiji hawajaiteka Tabora Septemba 1916. Haidaiwi kwamba kila mmoja alistahimili. Kiboko ni kiboko.

Wako wanaosema kuwa hayo yalikuwa mambo ya vita na siasa, si ya dini. Hoja hii ingekuwa na uzito kama wenyewe wangetumia mizani moja. Vijana wa Buganda walipochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, je, Kabaka Mwanga alikuwa akipinga sala tu? Miezi michache nyuma, Oktoba 1885, Askofu Hannington aliuawa Busoga kwa sababu ya hofu ya wageni watokao mashariki kuja kuila nchi. Vijana wale nao walionekana kumtii bwana mwingine ndani ya nyumba ya Kabaka. Hofu ya dola ilikuwamo tele, wala haikumzuia Papa Paulo wa Sita kuwatangaza 22 kati ya waliouawa miaka ile kuwa watakatifu mwaka 1964. Na ilikuwa haki.

Tofauti yenyewe imo katika mtesaji. Mwanga aifaa hadithi: mfalme asiyebatizwa awaua waliobatizwa. Lakini serikali iliyowapiga walimu wa Ugogo ilikuwa ya Wakristo, yenye Biblia na makasisi wake. Kuwaita walimu hao mashahidi ni kukiri kwamba Wakristo waliwatesa Wakristo, na ungamo hilo ni zito.

Waingereza nao hawakuwatendea wema zaidi. Wakati wa vita walizichapa habari za mateso haya ili kuonyesha kwamba Mjerumani hafai kurudishiwa makoloni (basi zisomwe kwa hadhari). Hivyo mwalimu aliyekataa kumtolea Mjerumani ushahidi akageuzwa kuwa ushahidi wa Mwingereza. Nchi ilipokwisha kupatikana, jalada likafungwa.