Tendo Likemewe, Jina Baya Asipewe



Katika nchi ya Wakamba, iliko Matinyani ya Kitui, palikuwa na hukumu ya kale iitwayo king'ole. Mwizi sugu aliweza kuuawa na umma, lakini sharti jamaa zake wa karibu waridhie kwanza. Leo ukelele mmoja wa "Mwizi!" sokoni watosha kumwaga damu, wala mama yake haulizwi.

Mwanasosholojia wa Marekani, Howard Becker, katika kitabu chake *Outsiders* cha mwaka 1963, alieleza kuwa upotovu haumo katika tendo peke yake. Hutokana pia na jamii inayotunga kanuni na kumbandika mtu jina. Aliyekwisha kuitwa mhalifu hufungiwa milango ya heri, na huenda akaishia kuwa alivyoitwa.

Nasi majumbani, mtoto akichukua shilingi 10, twamwita mwizi mbele ya nduguze. Tulikemee tendo, azirudishe, aombe radhi, jina tusimpe. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, yakataza kuitana kwa majina mabaya. Mlango wa toba usifungwe na ulimi wa mzazi.