Kabla ya kulipia taa za rangi, pima mkono wa mwanao

Likizo ndefu zikikaribia, katikati ya maswali ya malaria, mafua na matumbo ya watoto huja swali moja ambalo mzazi huliuliza kwa kusitasita, kana kwamba anaona aibu kumsumbua daktari nalo. Kijana anataka kibodi na kipanya vya kuchezea gemu. Fedha ni kidogo. Anunue vya aina gani ili mtoto asije akaumia mkono? Wengine huliuliza mkono ukiwa umeshaanza kuuma.

Halina aibu yoyote. Ni swali la afya kama lilivyo swali la viatu vya shule: kifaa kinachokaa mwilini kwa saa nyingi kila siku lazima kimfae mwenye mwili.

Ninachokiona ni kwamba wazazi tumegawanyika. Wapo wanaosema gemu ni upuuzi, hawatatoa hata senti, kijana na atumie hiyohiyo kompyuta mpakato ya baba yake kama ilivyo. Kisha mchezo unaendelea palepale, kitandani, shingo imepinda na viganja vimebanana. Wapo pia wanaokwenda dukani Kariakoo na kurudi na boksi lenye picha ya joka, ndani yake kibodi inayowaka rangi zote za upinde wa mvua na kipanya kikubwa kuliko kiganja cha mtoto. Wote wawili wananikuta kliniki. Msimamo wangu ni huu: kama umesharuhusu gemu nyumbani, tumia fedha kidogo uliyonayo kununua umbo linalomfaa na mkao mzuri, na uanze na kipanya kabla ya kibodi.

Kwa mzazi asiyecheza, nieleze kwanza mkono unafanya nini. Katika gemu nyingi za kompyuta za kukimbia na kulenga, mkono wa kushoto unakaa juu ya herufi W, A, S na D, ndizo zinazomwendesha mchezaji mbele, nyuma na pembeni. Kidole gumba kinabonyeza kitufe kirefu cha nafasi ili aruke, na kidole cha mwisho kinashikilia Shift ili akimbie. Mkono wa kulia uko kwenye kipanya, unalenga na kubofya. Katika saa mbili za mchezo vidole hivyo vinabonyeza mara nyingi mno, na kila mbonyezo unavuta kano inayopita kwenye kifundo cha mkono.

Pale kifundoni kuna njia nyembamba. Kano tisa za vidole zinapita humo pamoja na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu. Kifundo kikiwa kimenyooka, vyote vinapita kwa raha. Kikipindishwa juu au chini kwa muda mrefu, msukumo ndani ya njia hiyo unaongezeka, na mshipa wa fahamu ukibanwa, mtu anahisi ganzi au kuchomachoma kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Maumivu yakiwa upande wa kidole gumba, karibu na kifundo, mara nyingi ni kano za gumba lenyewe zilizochoka. Ganzi ya kidole cha mwisho hutokana zaidi na kiwiko kulalia ukingo mgumu wa meza. Ukimwuliza mtoto ni kidole gani, umeshapata nusu ya jibu.

Sasa kipanya. Chukua rula, pima mkono wa mwanao kuanzia mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Wachezaji wana kanuni ya haraka kwamba urefu wa kipanya uwe takriban asilimia 60 ya urefu huo. Mkono wa sentimita 17 unataka kipanya cha sentimita 10 hivi. Vipanya vingi vya gemu vina urefu wa sentimita 12 au zaidi, vimetengenezwa kwa mkono wa mwanaume mtu mzima, na mtoto wa miaka 12 akivishika analazimika kunyoosha vidole na kuinua kifundo ndipo afikie vitufe. Kipanya kidogo kupita kiasi nacho hakifai, vidole vinajikunja kama kucha za kunguru. Dukani mwambie akishike kama anavyocheza, aache mkono ulegee. Ukiona kifundo kimepinda kwenda juu, rudisha kabatini.

Uzito nao uangalie. Chenye gramu 80 au 90 kinatosha kabisa. Kile chenye vipande vya chuma vya kuongezea uzito kiache. Na kama mwanao anatumia mkono wa kushoto, tafadhali usimlazimishe wa kulia. Vipanya vingi vya gemu vimepinda kwa ajili ya kulia tu. Mnunulie chenye umbo sawa pande zote mbili, ambacho kwa bahati nzuri mara nyingi ndicho cha bei nafuu.

Kuna namba zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na ndizo zinazopandisha bei. Ya kwanza ni DPI, yaani nukta ambazo kipanya kinahesabu kwa kila inchi kinaposogezwa. Muuzaji atakuonyesha 12,000 au zaidi. Wachezaji wengi wazuri wanaishia kati ya 400 na 1,600, na karibu kila kipanya cha bei ya chini kinafika hapo. Ya pili ni mara ngapi kwa sekunde kipanya kinatoa taarifa kwa kompyuta. Cha ofisini kwa kawaida hutoa mara 125, yaani kila baada ya milisekunde 8. Cha gemu hutoa mara 1,000, kila milisekunde 1. Tofauti ipo, sikatai. Lakini mwili wa binadamu wenyewe, kuanzia jicho kuona mwanga hadi kidole kubofya, unatumia takriban milisekunde 200 au zaidi. Kwa kijana anayecheza sebuleni, usingizi wa usiku mmoja unaweza kumwongezea kasi kuliko hizo 7 alizonunuliwa. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji kulala saa 8 hadi 10, na hapa kwetu wachache sana wanazipata.

Namba hizo zina jambo moja la kiafya ambalo muuzaji hatakuambia. Ukiweka kasi ya kipanya juu sana, mchezaji anabaki kutikisa kifundo tu, sentimita moja kushoto, moja kulia. Ukiishusha kiasi na kumpa nafasi mezani, anasogeza mkono wote kuanzia kwenye kiwiko na bega, na misuli mikubwa ndiyo inayobeba kazi. Kwa hiyo nafasi na pedi pana ya kitambaa ni bora kuliko DPI elfu kumi na mbili.

Kwenye kibodi nina maneno machache zaidi, ila la kwanza ni upana. Kibodi kamili yenye vitufe vya namba upande wa kulia ina upana wa sentimita 44 hivi. Ile isiyo na sehemu ya namba ina takriban 36. Hizo sentimita nane ndizo zinazoamua kipanya kikae wapi. Kibodi pana inakisukuma mbali, mkono wa kulia unakaa umetanuka kama wa mtu anayeegemea dirisha la daladala, na bega linachoka kabla ya kidole. Mtoto wa shule hana mahesabu ya duka ya kuingiza. Mnunulie fupi.

La pili ni nguvu ya kubonyeza. Kibodi za bei ya chini zina tabaka la mpira chini ya vitufe, na za bei ya juu zina swichi na springi kwa kila kitufe. Swichi nyekundu zinazojulikana sana za Cherry zinahitaji nguvu ya takriban gramu 45, na zinapokea amri kitufe kikishuka milimita 2 tu, hata kabla hakijagonga chini. Kidole kinapumzika kidogo. Hata hivyo kibodi nzuri ya mpira, ambayo bado ni laini, ni bora kuliko ya swichi ngumu. Bonyeza mwenyewe kwa kidole cha mwisho, kile dhaifu. Kama unasikia unakisukuma, mwanao atakisukuma mara maelfu. Zipo pia swichi zinazopiga kelele kila zinapobonyezwa. Katika nyumba ya vyumba viwili zitawaamsha wadogo zake wote, na wewe.

Kabla hujalipa, omba iunganishwe kwenye kompyuta ya duka. Fungua ukurasa wa kuandikia, shikilia W na D pamoja na Shift, kisha bonyeza kitufe cha nafasi. Kibodi nyingine za bei rahisi hushindwa kusoma vitufe vinne kwa pamoja, na mtoto ataanza kubonyeza kwa hasira na kwa nguvu akidhani kidole chake ndicho chenye kosa. Ukifika nyumbani, vile vimiguu viwili vya nyuma vikunje visiinue kibodi. Vinapendeza, lakini vinapindisha kifundo kwenda juu, mahali palepale tusipopataka.

Mwaka huu alikuja mama mmoja na kijana wa miaka 15. Kijana akanisalimu shikamoo vizuri, akakaa, mama akaanza: “Daktari, huyu mikono inamuuma kwa ajili ya gemu, mwambie aache.” Nikamwuliza kijana anachezea wapi. Kitandani, kwenye kompyuta mpakato ya kaka yake, kipanya akikisogeza juu ya paja. Alikuwa ameshatumia mirija kadhaa ya diklofenaki ya kupaka na vidonge vyake alivyonunuliwa bila kupimwa. Mama aliposikia kwamba nashauri anunue kibodi alinitazama kama aliyesalitiwa.

Lakini ndiyo dawa niliyoandika. Kwa mwenye kompyuta mpakato, kibodi ya nje ya bei ya chini kabisa inafanya kazi ambayo hakuna taa ya rangi inayoweza kuifanya: inatenganisha macho na mikono. Kioo unakiinua juu ya vitabu hadi kifike usawa wa macho, shingo inanyooka, na mikono inabaki chini, viwiko vikiwa vimekunjwa takriban nyuzi 90. Kibodi ya mtumba iliyotoka ofisini, ikisafishwa, inatosha. Vidonge vya diklofenaki vikitumiwa kiholela huumiza tumbo na figo, na sioni sababu ya mtoto kuvimeza ili aweze kuendelea kukaa vibaya.

Meza za chakula za nyumbani kwetu ni ndefu kwa mtoto. Mwinue kwa mto mgumu juu ya kiti cha plastiki, na miguu ikining’inia weka ndoo iliyopinduliwa au kigoda chini yake. Ukingo wa meza ukiwa mkali, kunja kanga uiweke pale.

Kuhusu kugawa fedha: bei zinapanda na kushuka kila mwezi, kwa hiyo nagawa kwa mafungu. Tuseme una shilingi 60,000 tu. Mimi ningetenga nusu kwa ajili ya kipanya kinachoenea kiganja, chenye waya, kwa sababu chenye waya hakihitaji betri na kwa bei hiyohiyo mara nyingi unapata kilicho bora. Theluthi ningeipeleka kwenye kibodi fupi ya mpira. Kinachobaki ni pedi ya kitambaa. Ukipungukiwa, kibodi ndiyo isubiri, isipokuwa kama anatumia kompyuta mpakato. Hapo vinunuliwe vyote, hata vya hali ya chini. Seti zinazouzwa pamoja kwenye boksi moja sizipendi sana, maana kipanya chake hukichagui.

Na kila baada ya nusu saa hivi ainuke, hata kama ni kwenda kunywa maji. Hili halina bei, na bila hili vifaa vyote nilivyovitaja ni mapambo. Kijana anayeshindwa kabisa kuinuka, anayeacha shule, chakula na marafiki kwa ajili ya gemu, ana tatizo jingine. Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, na mtoto huyo anahitaji mazungumzo na mtaalamu kabla ya kibodi.

Nawaomba pia msiitupie gemu kila lawama. Ganzi ya viganja inayomwamsha mama usiku inaweza kuwa ya ujauzito, kisukari au tezi ya shingoni, na tafiti kuhusu kompyuta kuusababisha ugonjwa huo wa kifundo hazijaafikiana. Mtoto mwenye selimundu akilalamika mikono inauma, usimwambie aache gemu, mlete hospitali. Mlete pia siku hiyohiyo kama kiungo kimevimba na kupata joto, kama ana homa, kama maumivu yanamwamsha usiku, kama kuna uvimbe mgumu juu ya mfupa, au kama anaangusha vikombe kwa sababu mkono umeishiwa nguvu. Maumivu mengine, yale yanayokuja jioni baada ya mchezo na kuisha asubuhi, mpumzishe siku kadhaa, rekebisha kiti, meza na kipanya, kisha mpe wiki mbili. Yasipopungua, njoo naye, na mje na kipanya chenyewe ndani ya mfuko nione anavyokishika.