Mtu Hapungui kwa Kushuka Cheo

Wanafunzi, methali yetu yasema, "Aliye juu mngoje chini." Wengi huisema kwa kicheko, kana kwamba chini ni mahali pa aibu. Mimi nasema sivyo, nami nitawaonyesha kwa habari za mtu wa milima yetu ya Upare.

Cleopa David Msuya alizaliwa Usangi tarehe 4 Januari 1931. Akasoma hata akafika Chuo cha Makerere, Uganda, alikokaa tangu mwaka 1952 hata 1955. Aliporudi hakuanza na kiti kikubwa. Alikuwa afisa wa maendeleo ya jamii. Baadaye akawa katibu mkuu wa wizara, na mwaka 1972 akawa Waziri wa Fedha. Mwezi wa Novemba 1980 Rais Julius Nyerere akamfanya Waziri Mkuu.

Lakini mpanda ngazi hushuka. Mwezi wa Februari 1983 uwaziri mkuu ulirudi kwa Edward Sokoine, naye Msuya akapewa tena Wizara ya Fedha. Fikirini jambo hilo. Jana alikuwa mkubwa wa mawaziri; leo ni mmoja wao. Tena kazi aliyopewa ilikuwa ngumu sana, maana siku zile nchi ilipungukiwa na fedha za kigeni, hata sabuni na sukari zikawa adimu madukani. Mwaka 1984, na tena 1986, thamani ya shilingi ilishushwa, na mwaka huo wa 1986 Serikali ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mambo hayo yaliwauma wengi, na hata leo wako wasiokubali kwamba yalikuwa mema. Siyahukumu hapa. Nasema neno moja tu: hakutupa jembe kwa sababu ameondolewa katika unyapara. Mwezi wa Desemba 1994 akaitwa kuwa Waziri Mkuu mara ya pili, akaishika kazi hiyo hata Novemba 1995. Alifariki tarehe 7 Mei 2025, akazikwa kwao Usangi.

Hata zamani za kale lilikuwako jambo kama hilo. Watu wa mji wa Athene, Uyunani, walimpigia Aristides kura ya kumfukuza. Mwaka 480 kabla ya Kristo, Waajemi walipokuja na vita, aliitwa arudi. Akarudi, akapigana upande mmoja na Themistocles, mshindani wake.

Huenda mmoja wenu atasema, "Asiye na cheo kikubwa atafanya nini?" Na akumbuke ndiva zetu. Ndiva ikibomoka, watu huitwa kwenye msaragambo. Huyu hubeba jiwe, yule hubeba udongo. Maji yakisha kujaa, hayamwulizi mtu jana alikuwa nani.

Nimepata kumwona mvulana aliyeondolewa ukiranja akakataa hata kushika ufagio. Nilimhurumia, maana alidhani ukiranja ndio uliokuwa mtu, si yeye mwenyewe.

Basi, wanafunzi, ukipewa cheo, kitumikie vema. Siku utakapoondolewa, usinung'unike wala usijifiche nyumbani. Shika ufagio, darasa lingali na vumbi.