Nani Aliimwagilia Magnolia?

Nimechoka na magnolia za kwenye riwaya. Mnazijua: jumba jeupe lenye nguzo, bibi wa Kizungu anapepewa barazani, mbalamwezi inawaka, na hewa yote inanukia maua meupe makubwa kama sahani. Hiyo ndiyo Kusini mwa Marekani ya vitabuni. Wamarekani wenyewe wameupa uandishi wa namna hii jina la kejeli, "mbalamwezi na magnolia". Kwetu kejeli hiyo haijafika. Mchambuzi akikutana na ua, anaandika "mandhari yamechorwa kwa ustadi", anasonga mbele.

Mandhari gani? Muulizeni mtu aliyewahi kuipanda nyumbani.

Magnolia hiyo, ile ya kijani mwaka mzima ambayo wataalamu huiita Magnolia grandiflora, ni mti wa kazi. Ukiiotesha kwa mbegu unaweza kungoja miaka 10 na zaidi kabla hujaona ua hata moja, ndiyo maana wengi hununua mche uliobebeshwa. Mizizi yake ni minene na laini, inatambaa juu juu, haipendi kuchokonolewa wala kuhamishwa. Miaka ya mwanzo inataka maji na matandazo. Halafu majani! Mti kuwa wa kijani mwaka mzima si kwamba haupukutishi. Unapukutisha, tena sana, majani magumu kama ngozi ya kiatu, na hayaozi upesi. Ukiyaacha matawi ya chini yaguse ardhi, majani huangukia humo humo na hayasumbui mtu. Ukiyakata ili shina lionekane la fahari, basi ufagio usikae mbali. Na ua lenyewe, pamoja na harufu yake tamu yenye ulimaulimau, linadumu siku chache tu. Ukilishika petali zake zinageuka kahawia.

Sasa rudini kwenye riwaya. Nani alichimba shimo? Nani alibeba ndoo? Asubuhi, kabla bibi hajatoka barazani, nani alikuwa ameshafagia? Tunamjua. Alikuwa mtumwa, na mwandishi amemfuta, akabakisha harufu.

Mnadhani natia chumvi? Kuna kisa cha mti mwingine, mpekani. Katika shamba la Oak Alley, Louisiana, miaka ya 1840, mtumwa mmoja mtunza bustani aliyeitwa Antoine alifanikiwa kubebesha mpekani wenye karanga za ganda jepesi. Mwaka 1876 karanga hizo zikashinda tuzo kwenye maonyesho ya Philadelphia, na aina hiyo ikaitwa Centennial, kwa heshima ya miaka 100 ya nchi. Si kwa heshima ya Antoine. Huyo angalau jina moja limebaki. Wa magnolia wangapi wamebakiwa hata na hilo?

Najua jibu linalokuja: mti ni mti, msituletee siasa bustanini. Jamani, siasa mmezikuta humo. Mississippi iliifanya magnolia kuwa mti rasmi wa jimbo mwaka 1938, na mwaka 2020 wananchi wakapiga kura kuweka ua lake kwenye bendera mpya, baada ya kuondolewa ile iliyobeba alama ya jeshi lililopigania utumwa. Ua lile lile. Kwa hiyo sisemi ing'olewe. Nani ang'oe mti uliomgharimu miaka 10? Nasema iandikwe pamoja na mikono yake. Alice Walker alifanya hivyo mwaka 1974, katika insha yake juu ya bustani za mama zetu: ukimtazama mama yake akipanda maua huko Georgia, huwezi kuuona uzuri bila kuiona kazi.

Na msicheke Wamarekani. Sisi tuna karafuu. Hesabuni mashairi na nyimbo zinazovisifu visiwa kwa harufu yake, kisha hesabuni zinazomtaja mchumaji. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, mtu akiwa juu mtini, kisha huchambuliwa na kuanikwa kwenye majamvi. Karne ya 19 kazi hiyo Unguja na Pemba ilifanywa na watumwa. Soko lao lilifungwa 1873, na sheria haikuacha kuutambua utumwa mpaka 1897. Hiyo ndiyo mbalamwezi na magnolia yetu, ila yetu tunaiimba harusini.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kitabu cha kututoa usingizini tunacho, na kwa Kiswahili. Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022. Kila ninayezungumza naye anaisifu ile bustani yenye ukuta: maji, vivuli, makomamanga, pepo ndogo ya tajiri. Yusuf pia anaipenda. Lakini bustani ile ina mtu, Mzee Hamdani, mtumwa aliyekataa kuupokea uhuru kama zawadi kwa sababu hakukubali kwamba aliyeutoa aliwahi kuwa mwenye nao. Yeye ndiye anayeitunza. Mnawezaje kuandika kurasa tatu juu ya bustani ya Peponi, na mzee huyo asipate hata sentensi moja?