Masomo ya nyumbani Kibera na Kawangware: tujifunze kutoka chuoni

Mjadala wa masomo ya nyumbani nchini Kenya huendeshwa kana kwamba unawahusu wazazi wa Karen na Nyali tu, wenye sebule pana, kompyuta na mitaala ya ng'ambo. Wapo wengine wanaosomesha nyumbani kwa kukosa budi. Wako Kibera, na wako Kongo kule Kawangware. Karo ikikosekana, au shule ya mtaani ikifunga milango, ndugu watatu hubaki katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10.

Hali hii tumeiona. Julai 2018, ubomoaji wa kupisha barabara Kibera uliondoa nyumba pamoja na shule. Septemba 2019, madarasa ya shule ya Precious Talent huko Ng'ando yaliporomoka na kuua wanafunzi. Kisha Machi 2020 korona ikafunga shule zote, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2021.

Sasa tujiulize: mama anayeondoka alfajiri kwenda kufua nguo Lavington atapangaje masomo ya watoto wa Gredi ya 2, ya 5 na ya 9?

Njia inayoshindwa upesi ni kujaribu kuhamishia shule tatu chumbani. Katika mtaala wa umilisi, kipindi cha Gredi ya 2 ni dakika 30, cha Gredi ya 5 ni dakika 35, na cha sekondari msingi ni dakika 40. Mzazi mmoja akitaka kufundisha kila kipindi cha kila mtoto, siku haitoshi, na wiki haiishi kabla hajakata tamaa.

Sisi wa Pwani tuna mfano mwingine, nao ni chuo. Mtoto wa alifu, wa Juzuu Amma na anayekaribia kuhitimu hukaa jamvi moja mbele ya maalimu mmoja. Kila mmoja huendelea pale alipofika, hangoji mwenziwe. Mkubwa humsikiliza mdogo, kisha naye huenda mbele kusikilizwa na maalimu.

Mpango wa nyumbani unaweza kufuata njia hiyo. Kusoma na hesabu kila mtoto afanye kwa kiwango chake, kwa zamu, mzazi akimkalia mmoja huku wengine wakiandika. Masomo mengine yaunganishwe chini ya mada moja. Chukua maji, ambayo Kibera hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Wa Gredi ya 2 ataje yanakotoka maji na achore. Wa Gredi ya 5 apige hesabu ya mitungi na gharama ya wiki. Wa Gredi ya 9 aeleze maji huchafukaje na husafishwaje, kisha aandike barua kwa mwakilishi wa wadi. Mada ni moja na kazi ni tatu. Mama akirudi jioni, kila mtoto amsomee alichoandika.

Lakini mpango mzuri hautoshi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 humtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na ahakikishe anahudhuria. Kukaidi ni kosa. Tayari wapo wazazi waliokwenda Mahakama Kuu kuipinga. Na hata bila kesi, mtihani wenyewe una mlango mwembamba. Matokeo ya mwisho wa Gredi ya 9 hujengwa kwa asilimia 20 ya tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 ya tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 ya mtihani wa mwisho. Alama za shuleni hupelekwa KNEC na shule. Mtoto asiye na shule, hata akiwa hodari, nani atampelekea alama zake?

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa mzazi ni huu: usikate uzi. Hata mtoto akiwa nyumbani muhula mzima, jina lake libaki katika sajili ya shule, na mwalimu ajue yuko wapi. Bunge nalo liweke utaratibu wa kumsajili na kumkagua anayesomea nyumbani, badala ya kumwachia mzazi maskini hofu ya chifu.

Ushauri wa pili ni mzito zaidi. Chuoni, mkubwa anayemfundisha mdogo hana budi kusikilizwa yeye mwenyewe kabla ya kwenda nyumbani. Katika chumba cha Kongo, nani humsikiliza binti wa Gredi ya 9? Mama akitoka, yeye ndiye mwalimu, mpishi na yaya. Wadogo zake watajua kusoma, naye atakuwa amepoteza mwaka ambao ndio unaoamua ataingia sekondari ya juu ipi.

Ratiba yoyote ya nyumbani basi ianze na saa zake. Apewe angalau saa mbili kila siku ambazo hazina mtoto mgongoni wala sufuria jikoni, hata kama ni kwa jirani, msikitini au maktaba. Zikishapangwa hizo, ndipo tuwapangie wadogo.